Madam wa Vyura

Jina lake silitaji, na si kwa heshima, msinielewe vibaya. Jina ni kitu unampa mtu, na huyu mimi nimeshampa vya kutosha. Hapa kwetu Boito ukisema Madam, watu wanajua ni yupi. Walimu wengine wa kike walikuwa Madam wa Hesabu, Madam wa Nasari, Madam mrefu. Yeye alikuwa Madam, basi. Alifundisha sayansi katika shule ya msingi ya mashamba ya chai mpaka akastaafu, akajenga kwenye shamba linalopakana na letu, na kati yake na mimi kukabaki fensi ya michongoma.

Siku hizi anakaa Nakuru kwa binti yake na nyumba imefungwa. Watu wakipita hapo wanasema, maskini Madam, mama wa watu. Wacha waseme. Kila mtu amkumbuke anavyotaka, na mimi nitamkumbuka ninavyotaka.

Alitembea na mwavuli mweusi, wa mpini wa mbao. Huku mvua hunyesha karibu kila alasiri, kwa hivyo mwavuli si ajabu, lakini yeye alikuwa nao hata asubuhi ya jua kali, na wakati mwingi ulikuwa umefungwa. Kazi yake haikuwa mvua. Kazi yake ilikuwa kuonyesha. Ncha ya ule mwavuli ilikuonyesha kola yako, soksi yako, nyuma ya sikio lako. Hata kanisani alikuwa akiwaonyesha watu wazima mahali pa kukaa, na watu wazima walikuwa wakikaa.

Hakuwahi kuniita jina langu. Wazazi wangu walitoka upande wa magharibi, milima ya huko, wakaja kuchuma chai, na mimi nilizaliwa kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mstari mmoja, mlango kwa mlango. Kwa hivyo nilikuwa "msichana wa laini." Nikaolewa na kijana wa Kipsigis, mtu wa heshima na shamba lake, bado nilikuwa msichana wa laini. Nikapata mtoto, dunia nzima ikaniita Mama Cherono, yeye akaona ni mapema. "Wewe msichana wa laini, mwambie mume wako ng'ombe wake ameingia kwa mahindi yangu." Hivyo tu, salamu haikuwepo.

Nitoe hii ya kucha sasa, nisije nikaambiwa natafuta sababu. Kila Jumatatu alikagua kucha. Mimi wikendi nilikuwa namsaidia mama kuchuma, na mtu yeyote ambaye amewahi kuchuma majani anajua vidole vinavyokuwa. Ule weusi si uchafu, ni utomvu wa chai, hautoki kwa maji wala kwa sabuni, unatoka wenyewe ukiacha kuchuma. Na Madam alijua, kwa sababu hata yeye ni mtoto wa chai. Lakini alinisimamisha mbele ya darasa, akaleta brashi ya kufulia, akanisugua vidole mpaka ngozi ikawasha, huku akiwaambia wenzangu, "Hii ndiyo mikono inaleta kipindupindu." Darasa lilicheka. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama sitaki tena kwenda shambani, na mama akanichapa, kwa hivyo siku hiyo niliumia mara mbili kwa kosa ambalo halikuwepo.

Sasa, ili nisiseme uongo, kuna mfereji. Shule yetu haikuwa na maji. Tulikuwa tunateka mtoni, na watoto walikuwa wanaumwa tumbo kila msimu wa mvua. Madam alienda ofisi ya meneja wa shamba la chai, akaambiwa arudi kesho. Hakurudi kesho, kwa sababu hakuondoka. Alisimama mlangoni na mwavuli wake, wageni wakipita kando yake, mpaka meneja akatoka mwenyewe akamuuliza, "Mwalimu, unataka nini hasa?" Akasema, "Maji na sabuni." Mfereji ukaletwa. Mpaka leo unatoa maji, na Cherono wangu ananawa hapo. Hilo siwezi kumnyima, ingawa ningependa.

Sabuni ndiyo ilikuwa dini yake ya pili. Alikuwa na maneno yake, na tuliomfuata darasani tunayo kichwani mpaka leo, utake usitake. "Sabuni si manukato, sabuni ni kusugua." "Mtu akisema amenawa, muulize kwa nini hajalowa kiwiko." Na lile kubwa lao, la vyura: "Chura si mchafu. Chura ni chura. Mchafu ni mtu anayemshika chura halafu anashika chapati."

Ndiyo, vyura. Alifuga vyura ndani ya nyumba, sebuleni, kwenye tangi la kioo chini ya kalenda ya kanisa.

Walianza kama viluwiluwi wa kufundishia. Kila mwaka alikuwa anatuletea kwenye chupa kubwa kutoka bwawa la shamba la chai, tuwatazame wakiota miguu, halafu anawarudisha. Mwaka mmoja akaleta wale wanene wa majini, wenye vikucha vidogo miguuni, wanaokaa ndani ya maji maisha yao yote, na hao hakuwarudisha. Alipostaafu, walimu walimpa blanketi na seti ya vikombe. Alishukuru, akaacha vikombe kwa meza na akabeba tangi. Mmoja alimwita Prefekti, mwingine Monita, na yule mzee mwenye jicho moja alimwita Inspekta. Aliwalisha nyungunyungu na vipande vidogo vya maini, na wakati wa kumbikumbi walikula kama watu wa harusi.

Ungemsikia akiongea nao. Sauti hiyo hakuna mtoto yeyote wa shule aliwahi kuisikia. Alikuwa anainama juu ya kioo, miwani imeteleza hadi puani, anawaambia mambo polepole kwa Kipsigis, anawauliza wamelalaje. Mimi nikiwa mlangoni nasubiri nikopeshwe ungo, nilikuwa nashangaa, kumbe huyu mama ana sauti hii na ametunyima miaka yote hiyo.

Watu walisema mengi, eti ni uchawi, eti ni dawa. Pasta alihubiri juu ya vyura wa Misri waliojaa hadi kwenye vitanda na meko ya Farao, na watu wakageuka kumtazama. Ibada ikiisha Madam akamwendea na mwavuli wake. "Pasta, wale walitumwa. Hawa wangu nimewakaribisha." Pasta hakurudia hayo mahubiri.

Na lazima niseme ukweli kwamba aliwafuga kwa sheria. Tangi lilikuwa na beseni lake, lenye msalaba mwekundu wa rangi ya kucha, na hakuna kitu kingine kiliwekwa ndani. Maji machafu yalimwagwa kwenye shimo nyuma ya choo, si jikoni, si kwenye sukuma wiki. Mtoto ambaye hajaanza shule alitazama kwa macho tu, mikono nyuma. Ukimshika chura unanawa kwanza kwa maji matupu ili sabuni isimchome ngozi, ukimaliza unanawa kwa sabuni mpaka kiwiko. Hata bwana mkubwa wa kilimo alipokuja kumtembelea alinawishwa kama mtoto wa darasa la pili.

Mimba yangu ya kwanza ilitoka. Sitaki kuongea sana juu ya hiyo. Ya pili, ambayo ni Cherono, ilipoanza kuonekana nilienda kwake kuazima ungo, na kabla sijakanyaga kizingiti mwavuli ukanigusa bega.

"Simama hapo. Uko na mimba."

"Ndiyo, Madam."

"Basi hapo mlangoni panatosha. Mwenye mimba hakaribii tangi, haoshi tangi, hamwagi maji yake. Hata kama vyura ni wake mwenyewe, anatafuta mtu mwingine amfanyie. Kuna vidudu wanakaa kwenye ngozi ya chura na kwenye maji yake, yeye hawamsumbui. Wewe wanaweza kukulaza, na huyo aliye tumboni. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Na mtoto akizaliwa ni hivyo hivyo, mpaka afike miaka ya shule. Mikono yake iko mdomoni siku nzima. Rudia nilichosema."

Nikarudia yote, mimi mwanamke mzima, na ungo akaniletea mwenyewe mpaka kwenye fensi. Nilienda nyumbani nikalia kwa furaha. Nilimwambia mume wangu, "Leo nimeona Madam ana roho." Mume wangu akacheka akasema, si nilikuambia. Sasa mkitaka kujua kwa nini hasira yangu haiishi, ni hapo. Angekuwa mtu asiyejua, ningemsamehe zamani. Yeye ndiye alinifundisha.

Cherono alizaliwa wakati wa mvua nyingi, salama, mkubwa, ana nywele kama za mtu mzima. Huku mwanamke akijifungua wanawake wanakuja kumwona, na hawaji mikono mitupu. Mmoja analeta kuni, mwingine unga, mwingine maziwa. Madam akaja na kibuyu cha mursik, kile cha shanga alichoachiwa na mamake. Mimi sikulelewa na mursik, kwetu maziwa yakiganda tunasema yameharibika, lakini nilikuwa nimejifunza kuyapenda, na siku hiyo kuletewa kibuyu na Madam kulikuwa ni kama kupewa cheti. Nilikunywa kikombe kizima, nikaongeza.

Halafu akatumbukiza kidole chake kidogo ndani ya kikombe, akakipitisha kwenye midomo ya Cherono. "Aonje kwao," akasema.

Kliniki walikuwa wameniambia, na Madam mwenyewe alitufundisha hivyo darasa la saba, kwamba mtoto ni ziwa la mama peke yake mpaka miezi sita. Nilitazama kile kidole. Mama mkwe wangu alikuwa anacheka kwa furaha, wanawake wanapiga vigelegele. Nani atamwambia Madam toa kidole?

Mimi nilianza kuumwa kwanza. Tumbo, kutapika, homa. Nikasema ni uchovu wa kuzaa. Halafu Cherono akaanza kuhara, kinyesi kina damu, akaacha kunyonya, akaacha hata kulia. Utosi wake ulibonyea, pale juu ya kichwa pakawa na shimo unaweza kuweka kidole gumba. Mume wangu alitubeba kwa pikipiki ya jirani kwenye matope mpaka lami. Hospitalini hawakupata mshipa mkononi, wakanyoa zile nywele zake upande mmoja, wakamwekea dripu kichwani. Kama hujawahi kumshikilia mtoto wako kichwa akiwekwa sindano hapo, usiniambie habari ya kusamehe. Nakuomba tu usiniambie.

Daktari, alipopata majibu ya choo, alikuja akaketi kitandani. Akasema bakteria wanaitwa salmonella. Akauliza, "Mnafuga nini nyumbani? Kuku? Kobe?" Nikasema kuku walikufa na kideri kabla sijajifungua, tuko na ng'ombe mmoja. Akauliza kama kuna chakula tulikula, maziwa yasiyochemshwa, mayai. Nikamwambia nilikunywa mursik kutoka kwa jirani, lakini jirani ni mtu msafi sana. "Jirani anafuga nini?" akauliza. Nikasema, "Vyura." Hata hapo nilikuwa namtetea. Nilimwambia daktari huyo mama ana beseni lake la vyura, lenye alama.

Tuliruhusiwa kurudi nyumbani. Asubuhi moja, Cherono yuko mgongoni, mwepesi kama kitambaa, nikaenda kuanika nepi karibu na fensi. Madam alikuwa upande wake, ameketi kwenye kigoda, tangi liko mbele yake, anasugua kona za kioo. Na anasugua na nini? Na sosiot. Ule ufito mrefu wa mtende, uliopondwapondwa mwisho ukawa kama brashi, ambao kila nyumba ya huku inao na una kazi moja, kusugua ndani ya kibuyu cha maziwa. Kibuyu cha shanga kilikuwa kando yake kwenye kichanja, kinasubiri zamu yake.

"Madam," nikasema, "huo si ni wa kibuyu?"

"Ni wa kibuyu. Brashi ya tangi ilivunjika tangu mvua ianze, na dukani hawana. Huu unafika kwenye kona vizuri kuliko brashi."

"Halafu unasugua kibuyu nao?"

"Nausuuza kwa maji. Na kibuyu nakitia makaa ya senetwet. Makaa yanaua kila kitu."

Ni vile wazee wetu wote wanaamini hapa. Kile kijinga cha mti wa senetwet unachokisugua ndani ya kibuyu kinaleta harufu nzuri na rangi, na inasemekana kinasafisha. Lakini makaa yanaingia kwanza, ufito unaingia baadaye. Mtu wa sayansi, mwenye beseni la msalaba mwekundu, mwenye sheria kwa kila kitu, hakuwa amefikiria ufito, kwa sababu ufito ni kitu cha mamake, na vitu vya mama hatuvikagui.

Nilimwona akifikiria sasa. Mkono wake ulisimama ndani ya maji. Akatazama ufito, akatazama kibuyu, akamtazama Cherono na ule upande wa kichwa ulionyolewa. Alijua. Naapa kwa Mungu wangu, alijua hapo hapo. Nikangoja aseme neno moja tu, pole. Pole ingetosha siku hiyo.

Akasema, "Mrudishe mtoto ndani, kuna baridi."

Wiki iliyofuata alienda kwenye kituo cha majani, ambapo sisi wote hupeleka chai na kungoja lori, akawaambia wanawake: "Yule mimi nimemfundisha. Mikono yake naijua tangu utoto. Mtoto ameumwa kwa uchafu wa mamake." Hakuna aliyeuliza swali. Madam amesema.

Nilikuwa nauza chai na mandazi hapo kituoni. Kesho yake mandazi yangu yalikaa kwenye ndoo mpaka yakakauka. Chama cha wanawake kilipofika zamu ya kukutana kwangu, mwenyekiti akapiga simu, eti mvua. Hakukuwa na mvua. Nikienda matanga nikaingia jikoni kusaidia, mtu alinichukulia kisu mkononi kwa upole, "Wewe pumzika, Mama Cherono, una mtoto mdogo." Hata mama mkwe wangu alianza kuosha tena vikombe nilivyoosha. Si kwa ubaya, lakini nilikuwa namsikia. Nilijaribu kueleza habari ya ufito, wakanitazama vile unamtazama mtu anayetukana kanisa. Kati ya Madam na msichana wa laini, nani angeaminiwa?

Kwa hivyo nikalipiza, na sijutii hata moja. Ng'ombe wake akitoroka sikumrudisha, nilimfungulia njia zaidi. Kanisani nilikaa nyuma yake na nikaimba kwa nguvu kumshinda mpaka akapotea kwenye wimbo. Alipoteguka mguu kwa kuteleza, wanawake wote walienda kumchumia majani, mimi nilikaa kwenye fensi nikawatazama. Watoto wetu huku humwinamishia mkubwa kichwa, awaguse utosini, ndiyo salamu yao. Cherono nilimfundisha kumwinamishia kila mzee wa Boito, na akifika kwa Madam apite wima. Mtoto wa miaka miwili anapita wima mbele ya Madam, watu wanaona! Mkono wa Madam ulikuwa unabaki hewani. Nilikuwa naenda nyumbani nikifurahia mkono huo.

Na nilikuwa naomba. Nilikuwa nasema, Mungu, siombi afe. Naomba tu siku moja ajue utosi ukibonyea unakaaje.

Binti yake alifanya kazi ya benki Nakuru. Mwaka jana alikuja nyumbani likizo ya uzazi, tumbo liko mbele, mtu wa kucheka, akanisalimia kwenye fensi siku ya kwanza, "Dada, habari ya huku?" hana habari yoyote. Asubuhi moja nikiwa nachuma mistari ya karibu na fensi, nikamwona nje na tangi. Madam alikuwa anazeeka, mgongo unamsumbua, na binti alitaka kumsaidia. Mikono yake ilikuwa ndani mpaka kiwiko, anamsugulia Inspekta jukwaa lake la jiwe, na kila mara anapangusa jasho usoni na mkono ule ule. Kwenye kiti pembeni kulikuwa na kikombe chake cha chai.

Madam alikuwa mlangoni, anamtazama, na hakusema kitu. Mwavuli uko ukutani. Sijui kama alisahau, au alikuwa amewaambia watu uongo huo mpaka akauamini mwenyewe, kwamba vyura wake hawana neno, uchafu ni wa watu wengine.

Mungu alikuwa amenijibu. Ningenyamaza tu, niendelee kuchuma. Nilichuma viganja viwili na nilisikia utamu mdomoni, kweli kabisa. Halafu nikatua kikapu nikapita pengo la fensi. Msifikiri ni huruma. Nilitaka Madam auone uso wa binti yake akisikia.

"Dada, toa mikono," nikasema. "Mama yako hajakuambia mwenye mimba haoshi tangi?"

Nikamwambia yote, Madam akiwa hapo. Mursik, kidole, damu, dripu kichwani, ufito, kituo cha majani. Sikupunguza na sikuongeza. Yule binti alisimama maji yakimdondoka vidoleni.

"Mum," akasema, "si uliniambia kwa simu yule mtoto aliugua kwa sababu mamake ni mchafu? Ni gani ya kweli?"

Madam akautazama mwavuli wake ukutani. Binti akaenda akanawa kwa sabuni mpaka kiwiko, polepole, akarudi. "Leo hii tangi litoke ndani ya nyumba. La sivyo narudi Nakuru nizae kwa watu."

Vyura wakahamishiwa stoo ya kuni, pamoja na beseni lao na brashi mpya, na stoo ikafungwa kwa kufuli. Binti akasema ufunguo mama yake asikae nao, maana atawarudisha sebuleni mtoto akilala. "Ufunguo akae nao Mama Cherono."

Nilicheka peke yangu jikoni mpaka mume wangu akauliza kuna nini. Kila siku Madam alilazimika kuja kwangu.

"Hodi."

"Nani?"

"Ni mimi."

"Mimi nani?"

"Madam. Nimefuata ufunguo."

Nilimpa. Akimaliza kulisha alirudi, nami nilisimama kando ya bomba langu akinawa kabla ya kwenda kumwona binti. "Na kiwiko, Madam." Alikuwa ananawa kiwiko. Siku moja akasema, bila kuniangalia, "Unafurahia." Nikamjibu, "Sana."

Siku nyingine nilimwambia ninachotaka. "Pale uliposema maneno yale, nataka useme mengine. Mbele ya wale wale."

"Nitaaibika. Mimi ni mwalimu wao wote."

"Mimi niliaibika na mtoto mgongoni."

Akachukua ufunguo akaenda. Nikajua hatasema kamwe.

Mjukuu alizaliwa, mvulana, mzima kabisa. Wanawake wakaja kumwona, sebule ikajaa mpaka barazani, wale wale wa kituo, mwenyekiti wa chama, mke wa pasta, mama mkwe wangu. Hapakuwa na mursik; binti alikuwa amekataza. Mimi nilienda na chupa kubwa ya chai niliyopika mwenyewe, ya maziwa mengi na tangawizi. Ilizunguka. Nilitazama ikizunguka. Kila mwanamke aliipokea kwa mikono miwili, akasema asante, akaipitisha kwa mwenzake. Haikufunguliwa. Ikamaliza mzunguko ikarudi ikawekwa mezani mbele yangu, imejaa vile ilivyokuja. Mke wa pasta akasema tumeshiba, na wengine wakaitikia tumeshiba, na hakuna aliyekuwa amekula kitu.

Madam alikuwa kwenye kiti chake na mjukuu mapajani. Aliona ile chupa ikienda na akaiona ikirudi. Niliinuka nibebe kitu changu niende.

"Kaa," akaniambia. Halafu akasimama, mtoto mikononi, na wanawake wakanyamaza kama darasa.

"Mtoto wa huyu mama aliugua kwa ajili yangu," akasema. "Nilisugua tangi la vyura kwa ufito wa kibuyu, nikasugua kibuyu kwa ufito huo, nikampelekea mzazi maziwa. Nikamtia mtoto kidole mdomoni. Nilijua, na niliwaambia uongo. Mama Cherono ni msafi. Mimi ndiye nilikuwa mchafu."

Ilikuwa sauti ndogo sana. Sikuwahi kumsikia na sauti hiyo mbele ya watu. Wa karibu walikuwa wameinamisha vichwa. Barazani nilisikia mtu akiuliza, amesema nini? Binti yake alikuwa analia, akinyoosha mikono apokee mtoto ili mama yake aketi. Wote walinitazama, wananingojea niseme yaliyopita yamepita, ndivyo mtu husema.

"Rudia, Madam," nikasema. "Wa nyuma hawajasikia."

Mke wa pasta akaguna, "Mama Cherono, jamani." Sikumtazama. Madam alimpa binti mtoto. Alivuta pumzi, akageukia mlango, akarudia yote, neno kwa neno, kwa sauti ya darasani, kwa Kiswahili, halafu kwa Kipsigis kwa ajili ya wazee. Alipomaliza alibaki amesimama, akiningoja kama kuna zaidi.

Nikafungua chupa. Vikombe vikaja vyenyewe, kutoka kila upande, mpaka kutoka barazani. Nilimimina kimoja kimoja bila haraka. Yeye nilimpa wa mwisho.